Wimbo wa Askofu Umekwama Karatu

Mwaka ule wa themanini na tatu, vumbi la mwezi wa saba lilipowafanya watu wote wa Karatu wafanane rangi, palikuwa na benchi moja mkabala na duka la ushirika. Lilikuwa ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, kwenye baraza ya duka jingine ambalo mwenyewe alilifunga kwa kukosa cha kuuza. Mwisho wa benchi alikaa Germana na jiko lake la mkaa, birika la kahawa, na sahani ya kashata za karanga alizozipika kwa asali, maana sukari ilikuwa imebaki kuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Wenye benchi walikuwa watatu. Wa kwanza ni Patrisi, aliyekwenda vita vya Uganda akiwa mpishi na kurudi akiitwa Sajini, cheo alichopewa na kijiwe, si na jeshi. Wa pili ni mzee Felisiani, katekista mstaafu. Kwa kuzijua nyimbo za misa za zamani aliitwa Kilatini. Wa tatu ni Lengai, kijana wa Kimasai, utingo wa lori linalopanda Ngorongoro na kushukia Loliondo. Huyo alibeba habari nyingi kuliko mizigo, na hakuna hata moja aliyowahi kuihakikisha, wakamwita Redio Mbao.

Jumamosi moja mchana Martini Bura, fundi cherehani na mwalimu wa kwaya ya kanisa, alivuka barabara kuelekea benchi hilo. Alipokaribia, wote watatu walinyamaza kwa pamoja, akajua walikuwa wakimsema.

— Mnaongea habari zangu, alisema.

— Tunaongea habari za mvua, alisema Sajini.

— Mwezi wa saba?

— Ndiyo maana tunaiongelea. Haipo.

Germana alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Martini alikishika kwa mikono miwili. Upepo wa kutoka Oldeani ulikuwa mkali, na kikombe kilikuwa na joto zuri, lakini hakunywa.

— Nimekuja kuwaaga, alisema.

— Safari ya wapi, Mwalimu? aliuliza Redio Mbao. Kama ni Loliondo, kaa mbele na dereva. Nyuma tumejaza mahindi.

— Sina safari. Leo jioni kwenye mazoezi nawaambia wanakwaya watafute mwalimu mwingine. Askofu anakuja Jumapili ijayo na sina wimbo wa kumpokea. Tangu Krismasi sijatunga hata mmoja. Nimekauka.

Aliyasema hayo akiangalia kahawa yake, kwa sababu hakutaka kuona nyuso zao. Vitambaa vilikuwa havipatikani nchi nzima, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa gunia. Watu hawakumwita tena Fundi. Walimwita Mwalimu, na ualimu huo ulikuwa wa kwaya tu. Akiuacha jioni ile, kesho angeamka akiwa nani? Swali hilo alikuwa amelala nalo, na asubuhi alilikuta bado liko kitandani.

— Hukukauka wewe, alisema Kilatini polepole. Umekaushwa.

Benchi zima likasogea.

— Na nani, mzee? aliuliza Redio Mbao.

— Hilo ndilo la kuchunguza. Mtu hutunga miaka yote hiyo, sikukuu hata sikukuu, halafu ghafla kimya? Hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna mkono.

— Mkono upo, alisema Sajini. Mimi niliuona zamani, nikanyamaza ili usijue kwamba nimeuona. Lakini kwanza tufuate utaratibu. Mwalimu, asubuhi ya leo hukupata chochote? Hata kipande?

Martini alisita. Alikuwa amepata. Alipokuwa akiipaka cherehani mafuta ili isishikwe na kutu, sauti ilimjia yenyewe, laini, ikipanda kidogo na kushuka, pamoja na maneno machache. Lakini kabla haijakaa vizuri kichwani, aliisimamisha kama mgambo anavyomsimamisha mtu mwenye gunia. Umetoka wapi? Wewe ni wa nani? Una kibali? Sauti ikaona haya, ikarudi ilikotoka. Siku hizi ndivyo ilivyokuwa kila mara.

— Kipande tu, alisema. Hakina maana.

— Kilete kikaguliwe, alisema Sajini, akaweka kikombe chini.

Hapa inafaa kueleza ukaguzi huo ulitoka wapi. Siku chache baada ya Krismasi kulikuwa na mkutano wa kwaya, mbali na Karatu. Kwaya ya Martini iliimba wimbo wake mpya, na ubeti wa pili haujaisha, mama mmoja wa kwaya nyingine akasimama katikati ya watu akasema, “Huo ni wetu.” Haukuwa wao. Martini aliutunga mwenyewe, ukaimbwa harusini, na wageni wakaondoka nao kama walivyoondoka na nyama. Lakini wimbo haupigwi chapa kama ng’ombe, na hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba ni wake. Walirudi usiku juu ya lori bila mtu hata mmoja kuimba, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu kwaya ianzishwe.

Kijiwe kiliapa kwamba aibu ile haitarudi. Siku zile barabara zilikuwa na vizuizi, magunia yakipekuliwa kutafuta sukari na sabuni za magendo. Basi nao wakaweka kizuizi chao, cha nyimbo. Kila wimbo wa Martini ulipita kwanza kwenye benchi. Sajini aliukagua kama si wa jeshi au wa bendi za dansi. Kilatini aliukagua kama si wa misa za zamani, wala wa dua za wazee wa Kiiraqw. Redio Mbao aliukagua kama si wa morani, au wa kwaya yoyote iliyoko kando ya barabara ya lori. Martini mwenyewe ndiye aliyewaomba. Nao waliifanya kazi hiyo kwa mapenzi makubwa, na labda ndiyo sababu waliifanya bila huruma.

Martini akafumba macho, akaimba kwa pua sauti ile ya asubuhi bila maneno. Ilipanda kidogo, ikashuka.

— Simama hapo hapo! alisema Sajini. Huo ni wa jeshi. Tuliuimba tukitoka Masaka kwa miguu, mvua inanyesha, nimebeba sufuria mgongoni.

— Jeshi gani, wewe? alisema Kilatini. Hiyo ni Misa ya Wafu. Nimeiimba nikiwa kijana, padri akinipiga kibao nikikosea. Mnataka kumpokea askofu kwa wimbo wa maziko? Ageuze gari?

— Wazee wangu, samahani, alisema Redio Mbao. Huo ni wa morani wa Engaresero. Pale unapopanda wanaruka, pale unaposhuka wanatua. Nimewaona kwa macho yangu.

— Wimbo wa maziko unarukwaje?

— Waulizeni waliouchukua.

— Basi morani wamewaibia mapadri.

— Mapadri wamewaibia wanajeshi.

— Sajini, vita yako ni ya juzi! Misa ya Wafu ina miaka mingapi?

— Sijui ina miaka mingapi. Najua sufuria ilikuwa na uzito gani.

Walibishana hivyo mpaka Germana akaongeza mkaa. Mwishowe Kilatini aliinua mkono.

— Tukubaliane jambo moja, alisema. Umeibwa.

— Hapo sawa, alisema Sajini.

— Hapo sawa kabisa, alisema Redio Mbao.

Martini alihisi sauti ile ikimtoka kifuani, kama mgeni anayeaga kwa sababu amesikia wenyeji wakinong’ona. Hakuona ajabu kwamba wimbo mmoja umeibwa sehemu tatu. Alichoona ni kwamba hata kipande kidogo kama kile kimeshindwa kuwa chake. Akasema moyoni: Nimekwisha.

Wakati huo mwanamke mmoja alifika kwenye benchi. Alikuwa mtu mzima, amejitanda shuka zito, na kikapu chake alikuwa amekiacha kwenye foleni ya duka la ushirika, kati ya mawe na vikapu vya wengine, kimshikie nafasi ya sabuni. Aliomba kahawa, akaketi pembeni, akanyoosha miguu.

Benchi likashuka sauti.

— Nani huyo? alinong’ona Sajini.

— Simjui, alinong’ona Redio Mbao. Na mimi nawajua wote wanaopanda lori.

— Basi amekuja kwa miguu ili asijulikane.

Sajini alikohoa, akamgeukia mgeni kwa tabasamu la afisa.

— Karibu, mama. Jina lako nani?

— Antonia.

— Unatoka wapi?

— Qurus.

— Qurus upande gani?

— Upande wa nyumbani kwangu.

— Unaimba kwaya?

— Sauti yangu huwafukuza ndege shambani, baba. Ndiyo kazi yake.

— Nyumbani kuna anayeimba?

— Mume wangu anakoroma.

Germana alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa. Sajini hakucheka. Aliwarudia wenzake.

— Mmeona anavyojibu haraka? Mtu asiye na jambo hufikiri kwanza.

— Mwache mama wa watu apumzike, alisema Martini. Mimi ndiye nina shida, si yeye.

— Ndiyo maana tunachunguza, Mwalimu. Shida yako ndiyo shida yetu. Sasa sikilizeni, nawapa ile siri niliyoinyamazia.

Sajini akajivuta mbele.

— Krismasi tuliimba wapi? Kule juu, ukingoni mwa kreta, kwenye hoteli ya watalii. Mnamkumbuka yule Mzungu mwenye vidude masikioni, amepakata mashine yenye magurudumu mawili yanayozunguka?

— Alikuwa anarekodi tu, alisema Martini. Alituomba ruhusa.

— Alikuomba ruhusa ya kurekodi. Ya kufuta je? Mimi nilirudi na kaseti kutoka Uganda. Ukirekodi juu ya nyingine, ile ya kwanza inafutika, husikii kitu ila shwaaa. Sasa yule Mzungu alikuwa anavuta kwenda kwake. Kitu kikivutwa upande huu, upande ule kinabaki nini?

— Shwaaa, alisema Redio Mbao kwa hofu.

— Ndicho kilichomo kichwani mwa Mwalimu. Tangu Krismasi. Hesabu mwenyewe.

Martini hakuamini, lakini mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa kichwa. Usiku mwingine alikuwa kweli amesikia kitu kama hicho, upepo kwenye bati, au siyo upepo.

— Hiyo ya mashine ni ya kitoto, alisema Kilatini. Mashine haina wivu. Mtafute mwenye wivu. Inosenti, yule mwimbaji wetu wa sauti ya nne, alioa wapi?

— Kwa wale wale waliosema wimbo ni wao, alisema Redio Mbao.

— Eeh! Na Inosenti ana tabia gani? Anaimba kwa pua. Anakula anaimba, anachimba choo anaimba. Akilala? Mke yuko macho, anasikiliza. Wadogo wa mke wanakuja kusalimia kila mwisho wa mwezi. Kusalimia nini mwaka mzima? Mtu haugui, hana mtoto mchanga!

— Lakini mzee, alisema Martini, Inosenti anaimbaje wimbo ambao sijautunga?

Kilatini alimtazama kwa masikitiko, kama mwanafunzi aliyemkatisha tamaa.

— Ndiyo ubaya wenyewe, mwanangu. Wanauwahi.

Jibu hilo lilikuwa zito kiasi kwamba kila mtu alikunywa kwanza. Antonia, kule pembeni, aliacha kutafuna kashata.

— Ninyi hamtembei, alisema Redio Mbao. Mnakaa hapa mnahesabu shemeji za watu. Twendeni kwenye jambo lenyewe. Mlima wa Mungu kule Engaresero ulianza lini kutoa moshi?

— Mwanzo wa mwaka huu, alisema Sajini.

— Na Mwalimu alikauka lini?

Sajini alimsogelea.

— Krismasi imepita tu, mlima ukaamka. Sasa huko chini watu wanaimba usiku kucha. Wanaimba nyimbo ambazo hawajafundishwa! Kuna mama mmoja, Soila, hajawahi kuingia kanisani toka azaliwe. Juzi alikuwa anakama ng’ombe, akaimba wimbo una Aleluya ndani. Ng’ombe akapiga teke kibuyu.

— Ulimsikia? aliuliza Germana.

— Aliyemsikia ndiye aliyemwambia dereva wetu.

— Kwa hiyo mlima unakula nyimbo?

— Hauli. Unazivuta zipite chini kwa chini, halafu zinatokea kule kwa moshi. Mwalimu akitaka nyimbo zake, apande lori twende, akae chini ya mlima na ndoo ya maziwa, aombe arudishiwe kwa heshima.

— Atatungia kwaya ya Engaresero basi, si yetu, alisema Sajini kwa hasira, kana kwamba Martini amekwisha kupanda lori.

Germana alikuwa akipangusa vikombe. Alikuwa amechoka kuwasikia, na aliposema neno lake alisema kwa mzaha.

— Na kama anazificha? Siku hizi si kila mtu ana kitu chini ya kitanda? Labda Mwalimu naye ana gunia la nyimbo, anangoja bei ipande.

Alitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Macho matatu, yaani mawili ya Sajini na moja la Kilatini, ambaye jingine lilikuwa na ukungu, yalimgeukia Martini polepole.

— Hilo hatukulifikiria, alisema Sajini.

— Jamani, natania! alisema Germana.

— Subiri kwanza. Mwalimu, nani amekuomba wimbo mwaka huu?

— Watu wengi. Hata wale wa Endamarariek waliniomba wa jubilei yao.

— Na ukawapa?

— Ningewapa nini? Nimewaambia sina.

— Ndivyo anavyosema mwenye duka, alisema Kilatini kwa upole. Hana. Ukigeuka, mlango wa nyuma unafunguliwa.

— Mzee Felisiani! Wewe ndiye uliyenibatizia watoto siku padri alipokwama njiani!

— Ndiyo maana inaniuma, mwanangu. Kama unazo, zitoe tu hapa. Sisi hatutakupeleka popote.

— Toa zote, alisema Sajini. Tukague moja moja. Ukionekana huna kosa, tutasema.

Martini alisimama. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, na alikiweka kwenye ubao kwa uangalifu. Kilichomtisha hakikuwa tuhuma yenyewe. Kilichomtisha ni kwamba kwa nukta moja alikuwa amejipekua moyoni, kwa kweli kabisa, kuona kama hajaficha.

— Nakwenda kwenye mazoezi, alisema. Nitawaambia kama nilivyopanga.

— Samahani, ilisema sauti kutoka pembeni.

Wote waligeuka. Antonia alikuwa amejikung’uta makombo ya kashata, akawaangalia kwa zamu, akamwelekea Kilatini, akamwita kwa Kiiraqw kama wajukuu wanavyomwita babu.

— Aako, nimekaa hapa nikisikiliza, na sikuja kusikiliza, nimekuja kununua sabuni. Lakini nikirudi Qurus wataniuliza huku Karatu mnaimba nini siku hizi, maana kwaya yenu tunaipenda. Na sitakuwa na jibu. Nyimbo zinafika hapa kwenye benchi, mnazikagua, sivyo?

— Ndivyo, alisema Kilatini.

— Basi niambieni. Tangu mlipoanza kukagua, umepita upi?

Sajini alifungua mdomo kwa ujasiri wa mtu mwenye majibu mengi.

— Zimepita nyingi, mama.

— Mmoja unanitosha.

— Kuna ule... ule wa Jumatano ya Majivu.

— Ule uliukataa mwenyewe, alisema Redio Mbao. Ulisema ni wa bendi ya Kongo.

— Basi wa Pasaka.

— Wa Pasaka niliukataa mimi, alisema Kilatini. Ulifanana na wa Walutheri.

— Wa harusi ya binti wa Inosenti je? alisema Sajini. Ule ulikuwa mzuri, mimi hata nililia.

— Ulilia, ndiyo, alisema Redio Mbao. Halafu ukasema unafanana na wa Pasaka.

— Lakini wa Pasaka tulikuwa tumeukataa.

— Ndiyo. Kwa hiyo tukaukataa na huo.

Redio Mbao alianza kuhesabu kwa vidole, akafika mahali, akaviangalia vidole vyake, akaviingiza ndani ya shuka. Germana aliinua birika amimine, likatoa machicha matupu, akalirudisha jikoni taratibu ili lisipige kelele.

Martini alikuwa bado amesimama. Alizisikia nyimbo zake zikitajwa, na ilikuwa kama kusikia majina ya watoto waliokwenda mbali. Wa Majivu. Wa Pasaka. Wa harusi. Alikuwa ameapa mbele yao kwamba tangu Krismasi hajatunga hata mmoja, na hakuwa akidanganya, maana kila uliokataliwa aliufuta yeye mwenyewe kwenye hesabu, akahesabu kwamba haukuzaliwa. Na baada ya huo wa harusi hakungoja tena kukataliwa. Alianza kuzikataa akiwa bado nyumbani, ili asiwasumbue wazee.

Ng’ambo ya barabara mlango wa duka la ushirika ulilia kwa kutu. Foleni ikainuka yote mara moja, kila mtu akikimbilia jiwe lake au kikapu chake.

— Sabuni imefika! alisema Antonia, akainuka. Asanteni kwa kahawa. Nitawaambia Qurus kwamba sikupata jibu.

Akaenda zake akishikilia shuka lisimwanguke. Sajini alimsindikiza kwa macho hadi alipomezwa na watu.

— Mimi nilisema, alisema kwa sauti ndogo. Si mtu wa sabuni yule.

Lakini hakuna aliyemwunga mkono. Upepo ulipita, ukainua vumbi, ukaliweka tena chini. Kilatini alijisogeza kwenye ubao, ikapatikana nafasi.

— Kaa, Mwalimu, alisema.

Martini akakaa. Hakuna aliyemwambia alete kitu. Akafungua mdomo na kuanza ule wa asubuhi, safari hii pamoja na maneno yake, kwa sauti ya mtu anayejaribu kama mguu ulioumia unaweza kumbeba.

Umetoka mbali, vumbi limo miguuni,
karibu unawe, maji tumeteka...

Mashavu ya Sajini yalijaa kama ya mtu anayezuia kikohozi. Redio Mbao aliuma ncha ya shuka. Kilatini alifumba jicho lake zima, na vidole vyake vikawa vinatafuta paja la mtu la kupiga kibao.

Nyumba ni ya udongo, mlango hauna komeo...

Hapo Martini mwenyewe akausikia. Mstari huo wa tatu ulifanana. Haukufanana na wa jeshi wala wa wafu wala wa morani. Ulifanana na wimbo aliouimba mama yake akisaga mtama kwenye jiwe, na mama yake bila shaka aliupata kwa mwingine. Alijua kwamba yeyote mwenye masikio angeusikia. Akavuta pumzi, na katika pumzi ile Sajini alisimama ghafla, akabana koti lake.

— Mimi naondoka, alisema.

— Kwa nini? aliuliza Germana.

— Nikikaa nitasema.

Akavuka barabara kwa hatua ndefu kuelekea kwenye foleni ya sabuni, ambayo hakuwa na nafasi ndani yake, akasimama huko mwishoni akiwapa mgongo, mikono yote miwili masikioni.

Martini alimtazama mpaka alipotulia. Mstari wa nne hakuwa nao. Asubuhi haukuja, na sasa hakujua utatoka wapi wala utafanana na wa nani. Akaendelea.

Ingia hivyo hivyo,
nasi ndivyo tulivyo.